Jeli ya Agarosi Inapogoma: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Mtu aliyetumia siku nzima kutoa DNA kwenye damu, akaendesha PCR (kunakilisha kipande cha DNA mara nyingi), akamimina jeli na kupakia sampuli zake moja baada ya nyingine, halafu akaiweka jeli hiyo juu ya taa ya urujuanimno na kukuta giza tupu, hushikwa na hamu ya kutupa kila kitu na kuanza upya. Ombi langu la kwanza kwake ni kwamba asiitupe jeli hiyo. Imebeba ushahidi wa kilichoharibika, na mara nyingi ushahidi huo husomeka kwa dakika tano, ilhali anayerudia kazi bila kuusoma hukutana na giza lile lile siku inayofuata, sampuli yake ikiwa imepungua.

Mwongozo huu unahusu elektroforesisi ya DNA katika jeli ya agarosi, njia ambayo maabara nyingi za malaria, za mifugo na za mimea hapa Afrika Mashariki huitegemea. Kanuni yake ni fupi. DNA ina chaji hasi kutokana na vikundi vya fosfeti vilivyo kwenye uti wake, hivyo umeme ukipitishwa huvutwa kuelekea elektrodi chanya, ile yenye waya mwekundu. Ndani ya jeli hupenya katika matundu madogo sana, vipande vifupi vikitangulia na virefu vikibaki nyuma. Kwa hiyo hitilafu yoyote itakuwa imetokea katika moja ya mambo manne: umeme unaosukuma, jeli inayochuja, sampuli inayosafiri, au rangi na mwanga vinavyotuonyesha ilikofika.

Iulize ngazi kwanza

Kila jeli lazima iwe na njia moja yenye ngazi, yaani mchanganyiko wa vipande vya DNA ambavyo ukubwa wake unajulikana. Wengi huitumia kupimia ukubwa tu, kisha wakaisahau, lakini kwa anayetafuta chanzo cha tatizo ngazi ina kazi kubwa zaidi. Ngazi haikupitia mikono yako wakati wa kutoa DNA wala haikuingia kwenye mashine ya PCR. Kitu pekee ambacho imeshirikiana na sampuli zako ni jeli, bafa (kimiminika kinachopitisha umeme tangini), umeme na rangi. Basi ikiwa imenyooka na kung'aa vizuri huku sampuli zikiwa mbovu, tatizo liko kwenye sampuli. Ikiwa yenyewe imepinda, imefifia au haionekani, ziache sampuli zako kwa sasa na ushughulike na jeli, bafa na umeme. Nimeona watu wakibadilisha praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR), wakiagiza kimeng'enya kipya na kusubiri wiki kadhaa, wakati picha ya siku ya kwanza ilikwisha kuonyesha kwamba hata ngazi ilikuwa imetoka vibaya.

Pakia ngazi pande zote mbili za jeli kila inapowezekana. Gharama ya mikrolita tano zaidi ni ndogo ukilinganisha na kile utakachokijua endapo upande mmoja umekwenda tofauti na mwingine.

Hakuna kinachoonekana, hata ngazi

Anza na rangi, kwa sababu ndiyo rahisi kusahaulika na ndiyo rahisi kurekebishwa. Ikiwa ethidiamu bromidi, rangi inayoifanya DNA ing'ae, haikutiwa kwenye jeli, DNA bado imo humo humo. Loweka jeli katika bafa yenye mikrogramu 0.5 za ethidiamu kwa kila mililita, kwa dakika 20 hadi 30, kisha itazame tena. Kazi ya siku nzima inaweza kuokolewa hapo. Hakikisha pia kwamba taa ya urujuanimno imewaka kweli na kwamba kichujio cha kamera kinaendana na rangi uliyotumia. Kumbuka wakati wote kwamba ethidiamu hubadilisha chembe za urithi: vaa glavu za nitraili, tumia kinga ya uso mbele ya urujuanimno, na jeli iliyotumika iende kwenye chombo chake cha taka hatari, kamwe isiende kwenye sinki.

Ikiwa rangi ilikuwepo na bado kuna giza, uliza DNA ilikwenda upande gani. Kosa la kugeuza nyaya humpata hata mzoefu aliyechoka: vishimo vya kupakia sampuli vikiwa upande wa elektrodi chanya, DNA hutoka nje ya jeli kwa nyuma na kupotelea kwenye bafa ndani ya dakika chache. Rangi ya kufuatilia, ile inayochanganywa na sampuli, hukuonya mapema, mradi usiondoke mara tu baada ya kuwasha. Subiri dakika tano ukiitazama. Mstari wa buluu unapaswa kuwa umetoka kishimoni na kuanza kuelekea kwenye nyekundu. Ukiuona unarudi nyuma, zima umeme, geuza nyaya, na huenda usipoteze chochote.

Rangi haisogei, au inasogea huku jeli ikipata moto

Hapa dalili ya kuangalia ni mkondo wa umeme, si volti. Watu hupanga volti 100 na kuridhika wanapoiona namba hiyo, ilhali kisanduku cha umeme kinaweza kuonyesha volti 100 bila chochote cha maana kupita kwenye jeli. Jeli ndogo yenye bafa sahihi huvuta makumi kadhaa ya miliampia. Andika namba hiyo kwenye daftari la maabara kila unapoendesha jeli iliyotoka vizuri, na baada ya mwezi mmoja utakuwa na kipimo chako mwenyewe ambacho hakuna kitabu kinachoweza kukupa.

Mkondo ukiwa karibu na sifuri, tazama waya wa platinamu ndani ya tangi. Umeme unapopita, vipovu hutoka kwenye elektrodi zote mbili, na kwenye hasi ni vingi zaidi kwa sababu maji yanapovunjwa haidrojeni inayotoka ni mara mbili ya oksijeni. Kusipokuwa na vipovu, ama waya umekatika, ama kifuniko hakijakaa sawasawa, ama umemimina maji matupu ukidhani ni bafa. Hilo la mwisho hutokea kuliko watu wanavyokiri, kwani chupa za maji na za bafa iliyokwisha kupunguzwa makali hufanana kabisa zikikosa kibandiko. Zima umeme kabla ya kufungua kifuniko; mkondo wa tangi hili unaweza kuua.

Mkondo ukiwa mkubwa kupita kiasi, sababu ya kawaida ni bafa isiyopunguzwa makali. TAE, bafa inayotumika sana, huhifadhiwa ikiwa na makali mara 50, na lita moja ya kutumia hupatikana kwa kuchanganya mililita 20 za hiyo na mililita 980 za maji safi ya maabara. Aliyeruka hatua hiyo ataona mvuke kwenye kifuniko, kisha jeli kulegea, kisha vishimo kuyeyuka. Jambo linalofanana na hilo, lakini gumu kugundulika, ni jeli iliyotengenezwa kwa maji ikaendeshwa ndani ya bafa, au iliyotengenezwa kwa TBE, bafa nyingine, ikaendeshwa ndani ya TAE. Mistari hutoka, lakini imepinda au imetanuka kwa namna isiyoeleweka, na hakuna marekebisho ya sampuli yatakayoinyoosha.

Kuna dalili moja ninayoipenda kwa jinsi inavyosema ukweli waziwazi. Bromofenoli buluu, ile rangi ya kufuatilia iliyozoeleka, hugeuka manjano katika asidi. Ukiona mstari wake unapoteza ubuluu na kuwa wa kijani, halafu wa manjano unapokaribia upande chanya, bafa imechoka. TAE ina uwezo mdogo wa kuhimili mabadiliko, na umeme unapopita kwa muda upande chanya huwa na asidi na upande hasi huwa na alkali. Katika maabara moja niliyofanya kazi, bafa ilikuwa ikirudishwa kwenye chupa kila jioni ili kuokoa Tris, kemikali inayotengenezea bafa hiyo, na kwa wiki mbili tulilaumu agarosi mpya kwa mistari iliyofifia. Kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo ndiye aliyeinama karibu na tangi na kuuliza kwa nini rangi ilikuwa ya manjano. Tangu hapo ninaandika kwenye chupa ni mara ngapi bafa imetumika, na ya TAE siipitishi zaidi ya mara mbili. TBE huvumilia zaidi.

Mistari imepinda kama tabasamu

Njia za katikati zikitangulia na za pembeni zikibaki nyuma, picha nzima huwa kama mdomo unaotabasamu. Chanzo ni joto: katikati ya jeli hupata moto kuliko kingo, na DNA iliyo kwenye joto hukimbia zaidi. Joto limesumbua fani hii tangu mwanzo. Arne Tiselius wa Uppsala, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1948, alitenganisha protini ndani ya kimiminika bila jeli, na ili joto la umeme lisikivuruge ilimbidi afanye kazi katika ubaridi wa karibu nyuzi 4 za selsiasi. Sisi tuna jeli inayozuia mvurugiko huo, lakini joto lenyewe halijaondoka.

Dawa yake ni kupunguza volti. Hesabu volti 5 hadi 8 kwa kila sentimita, na sentimita zinazohesabiwa ni za umbali kati ya elektrodi mbili, wala si urefu wa jeli. Tangi lenye sentimita 15 kati ya waya na waya linahitaji volti 75 hadi 120. Kwa vipande virefu zaidi ya jozi za besi 10,000 (jozi ya besi ni kipimo cha urefu wa DNA) shuka hadi volti 1 au 2 kwa sentimita na uwe tayari kusubiri. Bafa iifunike jeli kwa milimita 3 hadi 5. Ikizidi sana, umeme hupita juu ya jeli badala ya kupita ndani yake na kazi huchelewa. Ikipungua, sehemu ya juu ya jeli hukauka. Katika miji ya pwani ambako chumba kisicho na kiyoyozi huwa na joto tangu asubuhi, bafa iliyokaa kwenye jokofu usiku kucha husaidia sana.

Mawimbi katika njia moja moja, huku za jirani zimenyooka, ni habari nyingine: sampuli hiyo ina chumvi nyingi. Chumvi hupunguza mwendo wa DNA na kuubana mstari ukawa mwembamba pembeni. Safisha sampuli hiyo tena au iongeze maji kabla ya kuipakia.

Ngazi nzuri, sampuli hazionekani

Kwa ethidiamu, mstari wenye chini ya nanogramu 1 hadi 5 za DNA hauonekani kwa macho ya kawaida, kwa hiyo uwezekano wa kwanza ni kwamba DNA ni kidogo. Uwezekano wa pili ni kwamba ilielea ikatoka kishimoni. Alkoholi iliyobaki baada ya kusafisha DNA hufanya sampuli iwe nyepesi kuliko bafa, na ukitazama kwa karibu wakati wa kupakia utaiona ikipanda kama moshi wa buluu badala ya kuzama na kutulia chini. Acha kichupa wazi kwenye joto la nyuzi 50 kwa dakika kadhaa ili alkoholi iishe, kisha hakikisha rangi ya kupakia, yenye gliseroli inayoipa sampuli uzito, imechanganyika vizuri.

Uwezekano wa tatu uko chini ya kishimo. Kitana, chenye meno yanayoacha vishimo, kikigusa sakafu ya trei, au kikivutwa kabla jeli haijashika sawasawa, kishimo hutoboka na sampuli humwagika kati ya jeli na trei. Acha milimita 1 au 2 chini ya meno ya kitana, subiri dakika 30, mimina bafa juu ya jeli ndipo ukitoe kitana, wima na polepole.

Mchirizi badala ya mstari

Mchirizi unaoanzia juu hadi chini ndiyo dalili inayosomwa vibaya kuliko zote, kwa kuwa ina vyanzo vingi vinavyofanana kwa mbali. Kanuni yangu ni kutazama mahali mchirizi ulipo mzito zaidi. Ukiwa mzito karibu na kishimo na kupungua kuelekea chini, kwa kawaida umepakia DNA nyingi mno. Punguza hadi nusu, kisha nusu tena. Ukiwa mzito chini, DNA imekatwakatwa na vimeng'enya au kwa kugandishwa na kuyeyushwa mara nyingi, na hapo hakuna jeli itakayokusaidia, ni lazima urudi kwenye sampuli ya mwanzo. Wingu laini lililo chini kabisa katika DNA ya bakteria kwa kawaida ni RNA ambayo haikuondolewa. Na mchirizi kwenye zao la PCR peke yake, huku ngazi ikiwa safi, unaelekeza kwenye PCR: mizunguko mingi mno, joto la kushikamana kwa praima lililo chini, au DNA ya kuanzia iliyozidi.

DNA iliyobaki kishimoni ikang'aa hapo hapo ama ni ndefu mno kupita kwenye jeli hiyo, ama imeshikwa na protini. Ipashe sampuli joto la nyuzi 65 kwa dakika 10 ikiwa na rangi ya kupakia yenye SDS (aina ya sabuni) kidogo, na uone kama itashuka.

Plasmidi (duara dogo la DNA ya bakteria) isiyokatwa ikitoa mistari miwili au mitatu haijachafuka. Umbo lililojisokota hutangulia, lililofunguka hubaki nyuma, na lililonyooka mara nyingi huwa katikati yao.

Vipande vifupi vinavyofifia: mfano wa malaria

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa la jeli linaweza kugeuka kuwa kosa la jibu. Katika PCR ya hatua mbili inayotambua spishi za vimelea vya malaria kwa jeni ya 18S, Plasmodium falciparum hutoa kipande cha jozi za besi 205, P. malariae kipande cha 144, na P. vivax kipande cha 120. Tofauti kati ya viwili vya mwisho ni jozi 24 tu. Jeli ya asilimia 1 haiwezi kuvitenganisha. Tumia ya asilimia 2 au zaidi, na ngazi yenye hatua ndogo.

Tatizo la kwanza ni kivuli. Katika jeli ya asilimia 2, bromofenoli buluu husafiri pamoja na vipande vya takriban jozi 150, na rangi hiyo humeza mwanga. Matokeo yake ni kwamba mahali ambapo P. malariae angeonekana pana doa jeusi, na msomaji huandika kwamba hakuna kitu. Punguza rangi hiyo, au tumia oranji G ambayo hutangulia mbele ya vipande vyote unavyovitafuta.

Tatizo la pili ni kwamba ethidiamu ina chaji chanya, hivyo yenyewe husafiri kuelekea upande hasi wakati DNA ikienda upande chanya. Jeli ikiendeshwa kwa muda mrefu, sehemu ya chini, ambamo vipande vifupi vimo, hubaki bila rangi ya kutosha. Ukiona nusu ya juu ya picha ina mng'ao wa nyuma na nusu ya chini ni nyeusi, tia jeli rangi upya kabla ya kuandika jibu lolote.

Tatizo la tatu ni mvuke. Gramu 1 ya agarosi katika mililita 50 ni asilimia 2, lakini maikrowevu ikiondoa mililita 10 kwa kuchemsha imekuwa asilimia 2.5, na vipande havitafika pale ulipozoea kuviona. Pima uzito wa flaski kabla na baada ya kuchemsha, kisha rudisha maji yaliyopungua. Zungusha flaski na uitazame kwenye mwanga: chembe zinazometa kama chenga za kioo ni agarosi ambayo haijayeyuka, na kila chembe itaupindisha mstari unaopita juu yake. Mimina ikifika nyuzi 60 hivi. (Agarosi hutoka kwenye mwani mwekundu wa jamii ya Gelidium na Gracilaria, mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii nyingine na hutoa karajini, hivyo anayedhani ataupika maabara apate jeli hii atasikitika.)

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiiache jeli tangini ukisubiri bila kikomo, kwa maana vipande hivi vifupi ndivyo husambaa upesi. Nusu saa mistari bado husomeka. Ikizidi hapo, toa jeli, ipige picha kama taa inaweza kuwashwa kwa jenereta, na uandike kwenye daftari saa umeme ulipokatika na saa uliporudi.

Mstari kwenye kidhibiti hasi

Kidhibiti hasi ni kichupa cha PCR kisichotiwa DNA yoyote, na mstari ukionekana kwenye njia yake watu hufanya mojawapo ya makosa mawili: hutupa kazi nzima bila uchunguzi, au hujiambia kwamba ni mmwagiko tu na kuendelea kuandika majibu. Yote mawili hayafai, kwani swali hili lina jibu linalopatikana jioni hiyo hiyo.

Mwanzo, tazama ukubwa. Mstari hafifu ulio chini ya jozi 100 ni praima zilizoshikamana zenyewe kwa zenyewe, na hauna madhara. Mstari wenye ukubwa ule ule wa zao lako ndio wa kutia wasiwasi. Chukua kiasi kilichobaki cha kidhibiti hicho hicho, mimina jeli mpya, kipakie peke yake na uache vishimo vitatu vitupu kila upande kabla ya ngazi. Mstari ukitoweka, ulimwagika kutoka kwenye kishimo cha jirani wakati wa kupakia: sampuli zinaweza kusomwa, lakini njia zilizopakana na sampuli zenye nguvu zipakiwe tena. Mstari ukibaki, uchafu uliingia kwenye PCR yenyewe, na kila jibu chanya la siku hiyo lisimamishwe hadi maji, praima na pipeti vibadilishwe kimoja kimoja na kidhibiti kirudi kuwa kitupu.